Kompyuta ya mezani au laptopu kwa ofisi ya Mtwara
Mkuu, kwa ofisi ya kuandika stakabadhi za korosho, chukua ya mezani iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kuliko laptopu mpya ya bei hiyohiyo. Nazitengeneza hapa mjini: ya mezani ikizingua unabadilisha pawa saplai au RAM (kumbukumbu yake ya kufanyia kazi) peke yake, kazi inaendelea. Ila weka na hela ya UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, maana laptopu ina betri yake, ya mezani haina. Hakikisha prosesa (ubongo wa kompyuta) ni Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 11 inataka hivyo, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 2025. Tena fungua kasha kabla ya kulipa. Jana nimefungua moja ya kule Shangani, pwani ya hapa Mtwara, matundu ya USB yote yameota kutu ya chumvi.