Mkataba umeisha, mdogo wangu hawamwachii arudi

SWALI: Shikamoo mama. Naandika kutoka Likoni. Mdogo wangu yuko Riyadh kazi ya nyumba, mkataba wake wa miaka miwili uliisha tangu mwezi wa pili na mpaka saa hii hawamwachii, madam anamwambia nimekulipia pesa nyingi utaondoka nikipata mwengine, pasipoti anayo huyo madam na ikama, kile kibali cha kukaa Saudia, imeshaisha. Hutuma voisi usiku akiwa msalani, amefungulia maji ili wasimsikie, na mamangu akisikia tu yale maji ashaanza kulia kabla mtoto hajasema neno. Ajenti kila tukienda ni kesho. Jirani aliyerudi kutoka Qatar anasema kule mtu anakata tiketi anaondoka, kwa nini huyu asiende tu eapoti? Na kuna mtu wa wasap anataka elfu 60 ati amtoe. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Huyo wa wasap msimtumie hata shilingi.

Jirani yenu hadanganyi, Qatar tangu Januari 2020 hata mfanyakazi wa nyumbani hahitaji ruhusa ya mwajiri kutoka nchini, anamjulisha tu saa 72 kabla. Saudia ni mambo mengine. Machi 2021 walilegeza, wafanyakazi wa kampuni wakaweza kujiombea viza ya kutoka, lakini wa nyumbani wakaachwa nje ya hayo mabadiliko, yaani walewale wanaolala ndani kwa mwajiri, na hilo mimi huniuma sana. Kwa hivyo akienda eapoti bila ile final exit, yaani viza ya kuondoka kabisa, atarudishwa, na anayeiomba ni kafili, yaani mwajiri wake.

Ndo maana nakusihi, asiruke kimyakimya. Najua wasichana wanaambiana kuhusu makemboi, wale waliotoroka wakawa wanafanya vibarua vya siku, na simlaumu yeyote. Kama anapigwa, ananyimwa chakula au kuna mwanamume humo ndani anamsumbua, hapo atoke, aende polisi au ubalozini, uhai kwanza. Lakini kama ni kucheleweshwa tu, akitoka bila mtu kujua kafili anamwandikisha huroob, yaani katoroka, na kuanzia hapo yeye ndo mwenye kesi, akishikwa ni tarhili, yaani kufungiwa na kufukuzwa nchini. Saa hii haki iko upande wake. Mkataba umeisha, kumshikia mtu pasipoti hata sheria ya Saudia inakataza, ikama ni kafili alipie na tiketi ya kurudi pia ni juu yake.

Usiku huu mwambie atume picha ya ikama na mkataba, pasipoti pia kama mna kopi, na lokesheni ya hiyo nyumba, maana ubalozi hauwezi kumfuata mtu ambaye hata mtaa wake haujulikani. Mwandikieni balozi wa Kenya Riyadh kwa imeili, si simu peke yake, muweke tarehe mkataba ulipoisha na miezi ambayo hajalipwa kama ipo. Halafu nendeni kwa ajenti na barua, nakala mbili, moja aigonge muhuri mbaki nayo. Hapo ile kesho yake itapungua. Muulizie pia leseni yake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, akiwa nayo ana kitu cha kupoteza, akiwa hana hiyo ni kesi nyengine, pelekeni polisi. Haki Africa na MUHURI, mashirika ya kutetea haki za binadamu, wako hapahapa Mombasa, ingieni ofisini kwao na hizo karatasi.

Ah, na asisaini karatasi yoyote ya Kiarabu asiyoielewa siku ya kuondoka, wengi wamesaini kumbe wameandika wamelipwa kila kitu.

Mama naye, usiku voisi ikiingia, amjibu kwa kumtajia tarehe ile barua iligongwa muhuri na jina la aliyeipokea. Mtoto ayasikie hayo kabla hajafunga maji.