Maswali ya Wasomaji: Nani Anailinda Antaktika?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesikia kwamba Antaktika haina mwenyewe, na kwamba mkataba unaozuia uchimbaji wa madini huko utakwisha mwaka 2048. Je, baada ya hapo kila taifa litajichukulia litakacho?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Salaam nawe, ndugu msomaji. La kwanza lina ukweli kiasi. La pili si kweli, ingawa limerudiwa mno hata likazoeleka. Nchi saba zinadai sehemu za bara hilo, na madai ya Uingereza, Argentina na Chile yanaingiliana. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na mataifa 12, Afrika Kusini ikiwa pekee kutoka bara letu, haukuyafuta madai hayo wala haukuyathibitisha. Uliyaacha yalivyo, ukazuia madai mapya, na ukalitenga eneo lote kwa ajili ya amani na sayansi.

Suala la madini lilikuja baadaye, na nusura liende kombo. Mwaka 1988 mataifa yalikamilisha mkataba ambao ungeruhusu uchimbaji kwa masharti, lakini Australia na Ufaransa zikakataa kuuridhia, nao ukafa kabla ya kuanza kutumika. Mahali pake ikaja Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika Januari 1998, ambayo kifungu chake cha 7 kinapiga marufuku kila shughuli ya madini isiyokuwa utafiti wa kisayansi.

Marufuku hiyo haikuwekewa tarehe ya kwisha. Kuanzia 2048, taifa lolote lenye haki ya kupiga kura litaweza kuomba mkutano wa kuipitia upya itifaki, basi. Badiliko lolote litakalopitishwa hapo halitaanza kutumika mpaka liridhiwe na robo tatu ya mataifa yenye kura, wakiwemo wote 26 waliokuwa na kura mwaka 1991, na marufuku ya madini haiwezi kuondolewa pasipo kuwepo sheria nyingine ya kusimamia uchimbaji. Upenyo upo mmoja: badiliko lililopitishwa likikaa miaka mitatu bila kuanza kutumika, nchi inaweza kutangaza kujitoa. Huo ndio wa kuangaliwa, si mwaka wenyewe.

SWALI: Watalii wanaruhusiwa kwenda huko?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Wanaruhusiwa, na katika misimu ya karibuni wamepita 100,000 kwa msimu mmoja. Meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kuwashusha, na wanaoshuka hawapaswi kuzidi 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja. Viatu husafishwa kabla ya kukanyaga nchi kavu, ili mbegu na vijidudu vya kigeni visiingie.

SWALI: Ikiwa sheria ni kali hivyo na hakuna viwanda, ni nini hasa kinachoiharibu Antaktika?
*Msomaji, Unguja*

JIBU: Sheria hizo zinazuia vizuri maovu yanayotendwa palepale, hata mbwa wa kuvuta sleji waliondolewa mwaka 1994. Zisichoweza kukizuia ni joto linalotokana na hewa ya ukaa inayotolewa kwingineko. Mwaka 2022, barafu ya bahari ya Bellingshausen ilivunjika mapema, na katika makundi manne kati ya matano ya pengwini wakubwa waitwao emperor, karibu vifaranga wote waliangamia kabla ya kuota manyoya yasiyopenya maji. Barafu ya nchi kavu nayo ikiyeyuka huinua bahari za dunia nzima, pwani zetu zikiwemo.

Jambo la pili ni uvuvi, na hapa ndipo ninapoona udhaifu wa sheria zenyewe. Krili, mnyama mdogo anayefanana na uduvi, ndiye chakula cha nyangumi, sili na pengwini. Meli humvua ili kutengeneza chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta. Kamisheni ya kimataifa inayosimamia uhifadhi wa viumbe wa bahari ya Antaktika, yenye makao yake Hobart, Australia, iliweka kikomo cha tani 620,000 kwa mwaka katika eneo kuu la uvuvi, pamoja na kanuni ya kukigawa kiasi hicho ili meli zisirundikane mahali pamoja. Kanuni ya kugawa ilikwisha muda mwaka 2024 kwa kukosa maafikiano, na mwaka 2025 kikomo chote kikafikiwa kwa mara ya kwanza, uvuvi ukafungwa kabla ya msimu kwisha.

Maamuzi ya kamisheni hiyo hayapiti mpaka wanachama wote wakubali. Kwa njia hiyo hifadhi ya Bahari ya Ross, yenye kilomita za mraba milioni 1.55, ilipatikana mwaka 2016, baada ya Urusi, iliyopinga kwa miaka kadhaa, kulegeza msimamo. Kwa njia hiyohiyo, mapendekezo ya hifadhi za Antaktika Mashariki na Bahari ya Weddell yamekwama, China na Urusi zikiyakataa mkutano baada ya mkutano.