Wakija na Mabati Kwenye Bustani ya Kumbukumbu

Tangu tuandike kuhusu Jeevanjee Gardens na bustani nyingine za kumbukumbu jijini Nairobi, maswali yamemiminika, mengi yakitoka mitaa ambako mabati yameanza kuzungushwa kwenye viwanja vya umma. Nayajibu machache.

Jeevanjee ni mali ya nani hasa? Wakuu wa jiji huizungumzia kama yao. (Msomaji, Ngara)

Ni ya wananchi. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyepata zabuni nyingi wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, aliitoa mwaka 1906 iwe mahali pa watu wa Nairobi kupumzikia. Mwaka 1991 tume iliyokuwa ikiendesha jiji ilitaka kuweka hapo jengo la maegesho na biashara. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kidete, wakazi wakamuunga mkono, na mpango ukafa. Pita pale saa saba mchana: wahubiri, wanafunzi, vibarua waliojinyoosha nyasini, na Bunge la Mwananchi, baraza la raia wa kawaida, likijadili siasa bila spika wa kulipwa. Hao ndio wenyewe.

Jirani yangu asema bustani yenye sanamu ya Malkia Victoria haifai kutetewa, ibomolewe tu. (Msomaji, Umoja)

Sanamu ile ya 1906, iliyosimama hapo Jeevanjee, iliangushwa na kukatwa kichwa mwaka 2015. Simlilii Victoria, na wakazi wakiamua mkutanoni kwamba mabaki yake yapelekwe makumbusho, sitawapinga. Ila mwulize jirani yako: aliyekuja na ramani ya ghorofa ana haja gani na ukoloni? Anachotaka ni ardhi. Hasira yetu dhidi ya sanamu isimfungulie lango.

Wangari Maathai aliokoaje Uhuru Park ilhali korti ilimkataa? (Msomaji, Nyeri)

Swali hili nimelipenda, kwa sababu wengi hukumbuka ushindi na kusahau njia. Mwaka 1989 kampuni ya gazeti la Kenya Times, iliyohusisha KANU, chama kilichotawala wakati huo, na tajiri wa Uingereza Robert Maxwell, ilipanga kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani. Wangari, mtetezi wa mazingira, alianza kwa barua. Aliandikia Ofisi ya Rais, tume ya jiji, mashirika ya Umoja wa Mataifa, hata balozi wa Uingereza. Wabunge wakamkejeli. Alikwenda Korti Kuu, nayo ikaitupa kesi kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwani yeye binafsi hakuonyesha alichopoteza. Hebu fikiria: mwananchi kuambiwa bustani ya umma haimhusu!

Lakini barua zilikuwa zimekwisha kufika kwa watu waliotarajiwa kutoa pesa. Kelele zilipozidi, wafadhili wakarudi nyuma. Mradi ukaachwa, na mwaka 1992 uzio ukaondolewa.

Mlango uliofungwa usoni pake leo uko wazi. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, bila kuthibitisha kwamba ameumia yeye mwenyewe.

Mabati yamewekwa usiku kwenye kiwanja chetu cha kumbukumbu. Tuanzie wapi? (Msomaji, Kayole)

Anzeni leo, kabla tingatinga halijafika. Pigeni picha za uzio, miti na kila bango lililopo. Ombeni taarifa rasmi za umiliki kutoka ofisi ya ardhi ili mjue jina lililoandikwa na tarehe. Kisha iandikieni kaunti mkidai nakala za idhini ya ujenzi na ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Chini ya sheria ya kupata habari ya 2016 wana siku 21 za kuwajibu. Ulizeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kama leseni ya mazingira imetolewa. Ikiwa ipo, mna siku 60 kukata rufaa kwenye National Environment Tribunal, baraza linalosikiliza rufaa za mazingira, na siku hizo huisha upesi mno kwa watu wanaongoja mkutano wa wiki ijayo.

Hifadhini kila barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na waiteni wazee wanaojua kiwanja kilitengwa kwa ajili ya nani, waandike na kutia sahihi wangali hai. Nimeona mitaa ikipoteza haki kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Mwekezaji aahidi kutujengea mnara mpya kwingine, na vijana wanataka kazi. (Msomaji, Kisumu)

Vijana wana haki ya kutaka kazi, msiwazomee. Waketisheni kwenye kamati. Kuhusu mnara, tazama bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 jijini Nairobi: iko palepale ubalozi wa Marekani uliposimama kabla ya bomu la 1998. Wafiwa huenda pale kwa sababu ndipo wapendwa wao walipokufa. Ungeuhamishia mnara ule mtaani Karen, wangeufuata?

Tunahitaji kibali kukutana bustanini kupinga ubomoaji? (Msomaji, Nakuru)

Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Kinachotakiwa ni ilani, wala si kibali: ipelekeni kwa maandishi katika kituo cha polisi cha eneo lenu, siku 3 hadi 14 kabla, mkitaja mahali, saa na jina la mwandalizi. Mbaki na nakala.