Kupokea malipo ya kadi mtandaoni: benki au kampuni ya malipo?
Ndugu, kwa duka lako la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, lenye oda chache za mtandaoni, ningepitia kampuni ya malipo yenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania badala ya kuanza na mkataba wa benki, kwa kuwa mteja hujaza namba ya kadi kwenye ukurasa wa kampuni hiyo, nawe huigusi kabisa. Usilinganishe makato peke yake. Uliza fedha huingia baada ya siku ngapi, kwa shilingi au dola, na nani hubeba hasara mwenye kadi akikana muamala. Mimi kinyago cha mpingo kilishafika Ujerumani ndipo mnunuzi akakana malipo, na risiti ya usafirishaji, ambayo nusura niitupe, ndiyo iliyoniokoa.