Umepata KG-7H: usiivute kamba bado

Ndugu, umesema nyumba uliyonunua Wisconsin umekuta gereji ina mashine ya boti, kibao kimeandikwa Mercury KG-7H, haina rivasi, na unataka kuiwasha wikiendi hii. Subiri kwanza.

Hiyo H ndiyo habari yenyewe: guu lake la chini (sehemu ya gia na propela inayozama majini) ni la mashindano, jembamba, linakwenda mbele tu. Ni kazi ya kiwanda cha Carl Kiekhaefer, mwanzilishi wa Mercury, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Piga picha kibao, na rangi usiiguse na msasa. Wakusanyaji wa mashine za zamani wanataka ile ya zamani, hata ikiwa imechubuka.

Fungua plagi zote mbili, tia oili nyepesi kijiko kimoja kila silinda, ilale usiku kucha, kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya injini) kwa mkono. Ikigoma, usilazimishe. Halafu legeza skrubu ya oili ya gia. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mimi niliipuuza ya kwangu, gia zikasagika.

Guu hilo halina pampu ya maji, maji ya kupoza injini yanaingia kwa msukumo wa mwendo. Ukiiwasha kavu gerejini, utaunguza pistoni. Magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi) mpelekee fundi wa injini za zamani.