Maua ya nyuki wa porini yamemezwa na magugu

SWALI: Nilitawanya mbegu za maua kando ya shamba ili nyuki wa porini wapate chakula. Nyasi zimeyafunika yote. Nilikosea wapi?

JIBU: Kosa kwa kawaida huanzia kabla ya kupanda. Udongo wa shamba umejaa mbegu za magugu, na mbolea iliyobaki huzipa nyasi nguvu kuliko maua. Basi usiongeze mbolea. Palilia juujuu, acha magugu yachipue, yang'oe. Rudia mara 2 au 3 bila kugeuza udongo wa chini, maana ukiugeuza unaamsha mbegu nyingine.

Changanya mbegu na mchanga mkavu, gramu 2 hadi 3 za mbegu kwa mita 1 ya mraba, utawanye, kisha ukanyage. Usizifukie! Nyingi ni ndogo mno na huhitaji mwanga ili ziote. Mwaka wa kwanza fyeka magugu yabaki na urefu wa sentimita 10 hadi 15, kabla hayajatoa mbegu.

Chagua maua ya asili ya eneo lako yanayopokezana kuchanua. Na tafadhali, acha kipande kitupu chenye jua: nyuki wengi wa porini hutaga ardhini, na watu husahau hilo. Dawa za wadudu zisipeperuke hadi hapo.