Bluu ya boti ya faiba imepauka: pima jelikoti kabla hujanunua rangi

Mkuu, umesema boti ni ya faiba, futi 19, ubavu wa bluu umekuwa kama umepakwa chokaa, na fundi anataka apige msasa mkavu kisha apake rangi ya mafuta. Mzuie kwanza. Rangi ya mafuta ya nyumbani haishiki vizuri kwenye faiba inayoingia maji ya chumvi kila siku. Itatoka magamba, na siku ukitaka kuifanya kazi kwa usahihi itabidi uikwangue yote.

Hiyo bluu, kama boti haijawahi kurudiwa rangi, ni jelikoti: rezini iliyochanganywa na rangi, inayotandazwa kwenye kalibu kabla ya faiba. Ikiwa mpya huwa na unene wa takriban nusu milimita hadi milimita 0.8. Jua huivunja rezini ya juu kabisa, vitundu vinafunguka, na chembe za rangi zinabaki bila kitu cha kuzishika. Ndiyo ule unga unaobaki kidoleni ukipangusa. Chini ya unga huo, mara nyingi bluu yenyewe bado ipo.

Hakikisha kwanza. Sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa chenye asetoni. Ikilainika na kunata, hiyo ni rangi iliyopakwa baadaye, na maelezo ya msasa na kompaundi (krimu yenye chembe laini za kusugulia) hapa chini hayakuhusu. Isipolainika, mwagia ubavu maji. Bluu ikirudi ikiwa mbichi na kufifia ikikauka, kwa kawaida una jelikoti ya kufanyia kazi. Kisha zungushia tepu ya karatasi eneo la sentimita 30 kwa 30 na ulifanyie hatua zote mpaka mwisho. Hapo ndipo utajua msasa gani wa kuanzia, na kama kazi yenyewe inawezekana.

Kabla ya msasa, osha kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni, chumvi yote itoke. Ule unjano wa mstari wa maji hautoki kwa kusugua. Unatoka kwa asidi ya oksaliki: gramu 50 hadi 100 za unga kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, vaa glovu na miwani, paka, acha dakika 5 hadi 10 bila kukauka, suuza kwa maji mengi. Usiiache ichuruzike kwenye trela la mabati. Kisha pangusa ubavu wote kwa asetoni, ukigeuza kitambaa kila mara, ili kuondoa waksi ya zamani. Ukiruka hapo, msasa utaziba na kuteleza badala ya kula.

Msasa ni wa maji, na anza na ulio laini kuliko wote unaofanya kazi. Jaribu kompaundi peke yake, ikishindwa, namba 1500, ikishindwa, 1000. Namba 800 ni ya unga mzito tu, na chini ya hapo usiende, kwa sababu unakula jelikoti isiyorudi. Loweka karatasi robo saa kwenye ndoo yenye matone ya sabuni ya vyombo, izungushie kwenye kibao laini cha mpira. Vidole vitupu huchimba mifereji ambayo huioni mpaka boti ing'ae juani.

Angalia maji yanayochuruzika. Mwanzoni ni meupe kama maziwa. Yakianza kuwa bluu iliyokolea, umefika kwenye rangi hai, acha hapo na usogee. Kila ukibadili namba, badili na mwelekeo: 1000 kwa ulalo, 1500 kwa wima, 2000 kwa ulalo tena. Mikwaruzo ya namba iliyotangulia ikionekana inakatiza, hujamaliza. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, maana watu wanategemea mashine ifute mikwaruzo ya 1000. Kwenye boti nyeupe utasamehewa, kwenye bluu haisameheki.

Mashine iwe ya kupigia polishi, yenye kurekebishika kasi, mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika. Grinda ya kawaida ya inchi nne na nusu inazunguka karibu 11,000. Ukiifunga sponji itaunguza jelikoti kabla hujaiinua. Tumia kwanza pedi ya manyoya na kompaundi ya jelikoti, kisha pedi ya sponji na polishi laini. Fanya eneo la sentimita 60 kwa 60, kompaundi kidogo, mashine isisimame mahali pamoja. Gusa kwa kiganja: ukishindwa kukiweka, joto limezidi. Kona na kingo zibandikie tepu uzimalizie kwa mkono, kwa sababu huko jelikoti ndiyo nyembamba kuliko kote. Fanya kivulini au alfajiri. Juani kompaundi hukauka na kuganda, na kuing'oa ni kazi nyingine. Kwa mbavu za futi 19, lita moja ya kompaundi kwa kawaida inatosha.

Kuhusu namba za usajili: zing'oe kwa mashine ya kukaushia nywele, lakini utabaki na kivuli cha bluu iliyokolea kilichokingwa na stika. Ukilazimisha kukifuta utatoboa jelikoti ya pembeni. Bandika namba mpya palepale.

Waksi ipakwe siku hiyo hiyo, mikono miwili (yaani tabaka mbili), maana uso uliofunguliwa ukiachwa juani unaanza kupauka upya. Waksi ya sintetiki ya boti hustahimili joto la Pwani kuliko ile ya nta ya kanauba. Rudia kila miezi mitatu au minne, na usioshee sabuni ya unga ya kufulia, inaing'oa. Waksi juu ya unga bila kusafisha, kama baadhi ya wachangiaji walivyokushauri, inajaza vitundu tu. Inang'aa wiki chache, kisha inashika uchafu.

Sasa, lini upake rangi? Kwenye lile eneo la majaribio ukiona mabaka ya rangi tofauti, au nyuzi za faiba zinajitokeza, jelikoti imekwisha. Hapo dawa ni rangi ya poliurethani ya vyungu viwili (rangi na hadina, yaani kigumishi, vinavyochanganywa kabla ya kupaka) juu ya praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi: mikono miwili ya praima, miwili au mitatu ya rangi. Mbavu zako ni kama mita za mraba 10, kwa hiyo hesabu karibu lita moja kwa kila mkono. Nyufa na matundu yazibwe kabla ya praima. Rangi iishie juu ya mstari wa maji, kwa sababu nyingi za aina hii hufanya malengelenge zikikaa majini muda wote. Usipake jioni: umande ukiikuta mbichi, mng'ao unakufa na kubaki ukungu. Msimu wa masika uache upite.

Na tafadhali, hadina ya rangi hiyo ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu. Kuipulizia kwa spreya ukiwa na barakoa ya kitambaa au ya vumbi ni kuhatarisha mapafu. Anayepulizia anahitaji kifaa cha kupumulia kinacholeta hewa safi kutoka nje. Wewe tumia rola ya sponji na mtu wa pili afuate kwa brashi laini akilainisha, nyote mkiwa na glovu na barakoa za vichujio vya kemikali, mahali panapopita upepo. Kama fundi wako anasisitiza spreya na hana kifaa hicho, tafuta mwingine.